Safari ya Kumpima Bwana Salum

Faraji na Chande, na wengine wote mnaokaa barazani kwetu Lindi baada ya alasiri: mmeniuliza mara nyingi habari za safari, nami nimewajibu nusu nusu, mara naumwa kichwa, mara wanafunzi wananingoja. Sasa naandika yote kwa mkupuo mmoja ili kila mtu asome kwa nafasi yake na asipate pa kunikatiza.

Mnakumbuka ubishi ulivyoanza. Chande alisema Bwana Salum, huyu anayekipangia chama mikakati yake upande wetu wote huu, ni mwanafalsafa wa kweli, kwa sababu hafungui mdomo kabla ya kufikiri na hadanganyiki na sifa. Faraji akasema haiwezekani. Mtu anayetafuta kushinda, alisema, hawezi kuwa huyo huyo anayetafuta ukweli. Iko siku mambo hayo mawili yatagongana, na siku hiyo atachukua ushindi. Mimi, kwa kuwa nafundisha Kurani na nimepitia vitabu viwili vitatu vya mantiki, mkanifanya mwamuzi. Kisha Salum mwenyewe akataka mwandishi wa kufuatana naye hadi milima ya Kipatimu kufungua tawi la chama, mkasema hiyo ndiyo nafasi, nenda ukamtazame. Nikaenda. Kichwani mwangu nilijiona mpimaji, na mambo yote yatakayotokea ni ya kupimwa.

Mingoyo hadi Mbwemkuru

Lori lilikuwa liondoke Mingoyo alfajiri. Liliondoka baada ya adhuhuri, kwa sababu dereva aliagiza ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, kwa mama mmoja pale njia panda na akaapa hatoki mpaka iive. Ming'oko haina haraka. Tulikaa juu ya magunia ya mtama tukimtazama mama akichochea moto, na ilipoiva dereva akatugawia sote na chumvi, hasira zikatuisha. Ilikuwa ya unga na tamu, na mtu aliyekula ming'oko ya bure hawezi tena kulalamika juu ya saa.

Salum mnamjua kwa sura, lakini hamjawahi kusafiri naye. Ni Mngindo, mtu wa bara huko Liwale, mwembamba, mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi hata juu ya magunia. Hasinzii. Kila anayepanda lori humuuliza kwao wapi, ameoa au kuolewa wapi, nani kafa, nani kagombana na nani. Mwanzoni nilidhani ni umbea tu.

Mto Mbwemkuru tuliukuta umejaa, daraja liko chini ya maji. Tulikaa siku mbili. Tulikula mihogo ya kuchemsha asubuhi na mihogo ya kuchoma jioni, na dereva aliita mlo wa pili mchuzi, ingawa mchuzi haukuwapo. Miongoni mwa waliokwama alikuwepo mwanamke mmoja Mmatumbi aliyekuwa akirudi kwao na mzigo wa ng'onda, samaki wa kukaushwa. Salum alikaa naye saa nzima, wakitukanana na kucheka, maana Wangindo na Wamatumbi ni watani, na mtani hana heshima hata akikutana nawe mara ya kwanza.

Aliporudi kwangu alikuwa ametulia kama mtu aliyekwisha kuswali.

"Maalim," akasema, "mjomba wake Mathias amefariki. Arobaini yake inasomwa juma lijalo."

"Innalillahi," nikasema. "Basi mkutano wa kufungua tawi tuuahirishe."

"Mkutano wahitaji kibali cha serikali. Arobaini haihitaji kibali. Na mtani akienda msibani hakuna wa kumwuliza kaja kufanya nini."

Hapo nikaanza kuandika katika daftari langu, upande wa Faraji.

Niwaeleze Mathias ni nani. Ni dresa wa zahanati ndogo katika kijiji kimoja ng'ambo ya Kipatimu. Yeye ni Mmatumbi na Mkatoliki, wajomba zake ni Waislamu, na hakuna nyumba huko milimani ambayo hajaitibu kidonda au homa. Chama kilikuwa hakijapata pa kuweka mguu huko, kwa sababu watu walisema ni chama cha watu wa pwani wenye kanzu. Mathias akikubali kuwa mwenyekiti wa tawi, neno hilo lingekufa. Yeye mwenyewe alikwisha kutuma barua kuwa yuko tayari. Mnajua watumishi wa serikali wamekatazwa siasa, lakini madresa wa vijijini hulipwa na hazina ya wenyeji, si serikali kuu, kwa hiyo Mathias aliona katazo hilo halimgusi. Nasi tuliona hivyo hivyo.

Kivinje

Kivinje tulifikia kwa karani mmoja wa ofisi ya serikali ambaye jina lake nalificha. Mkewe alitupikia wali wa nazi na pweza, na baada ya mihogo ya Mbwemkuru nilikula mpaka nikaona haya. Karani alingoja mkewe aingie ndani, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba waraka mpya umefika. Bado haujapelekwa vijijini. Wanaolipwa na hazina za wenyeji nao sasa wamo katika katazo.

Salum alikuwa ameshika tonge. Alilirudisha sahanini.

"Hata dresa?"

"Dresa, karani, tarishi, wote. Atakayeonekana na cheo katika chama anafukuzwa siku hiyo hiyo. Na nyumba ya serikali ananyang'anywa."

Tulipokuwa tukinawa mikono nikamwambia Salum, "Basi Mathias tumwache. Ana watoto wanne."

"Akifukuzwa Mathias," alisema, akijipangusa kidole kimoja kimoja, "milima yote itaingia chama kwa hasira. Mambo ambayo sisi tungeyafanya kwa miaka mitatu, waraka utatufanyia kwa siku moja."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia. Hiyo ni haki yake."

"Akikataa baada ya kuambiwa?"

Akaingia ndani kumshukuru mama wa nyumba kwa pweza. Niliona amefika mahali ambapo Faraji alisema atafika, nikafurahi. Nasema nilifurahi, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mtu anapodhani atashuhudia kosa la mwenziwe husikia uchangamfu fulani ambao si wa kujivunia.

Kinjumbi

Tulivuka Matandu kwa mtumbwi na kufika Kinjumbi kwa miguu, jua kali, kanzu yangu imelowa jasho. Mzee mmoja aliniona na mfuko wangu wa vitabu akanipokea mikono miwili.

"Shikamoo, shehe. Tulikuwa tunakungojea tangu jana."

Mtu mzima kama yule kuniamkia mimi kulinichanganya, nikaitikia marahaba kabla sijauliza ninangojewa kwa lipi. Wakatuingiza nyumba yenye mgonjwa, mwanamke aliyelala kitandani uso umemwisha, watu wamezunguka. Walikuwa wamemwita msomaji kutoka kijiji cha jirani, naye hakutokea. Nikamnong'oneza Salum kwamba tuwaambie si mimi. Salum akaninong'oneza, "Wewe hujui kusoma Yasini?"

Nikasoma Yasini. Nilisoma vizuri, kwa taratibu, mgonjwa akafumba macho akapumua kwa utulivu. Tukaletewa ugali wa mtama na kisamvu cha nazi, na samaki wa kuchoma wawili, mmoja mzima kwangu peke yangu. Yule msomaji wa kweli alitokea tunanawa. Alikuwa mkali. Watu wakacheka, wakampa naye chakula, akasoma upya.

Njiani nilimwuliza Salum kama ule haukuwa uongo.

"Walitaka Yasini wakapata Yasini," alisema. "Ulidanganya nini?"

"Nilinyamaza walipodhani mimi ni mwingine."

"Haya, hilo liandike. Mimi niliogopa kwamba kama tungebishana pale mlangoni, mgonjwa angesikia na kudhani hana wa kumsomea." Alitembea kidogo. "Maalim, mwenye hekima wako wa vitabuni anauliza lipi ni kweli, anakwenda kulala. Mimi lazima niulize tena, hiyo kweli ikishatoka mdomoni inakwenda kukaa wapi. Pengine hilo linaniondoa katika kundi lenu. Sijui."

Nikalalamika juu ya viatu.

Kupanda milima

Njia ya Kipatimu ni ya mawe na mashimo, na kila anayeshuka anakwambia umebakiza kidogo. Tuliambiwa tumebakiza kidogo mara sita. Machungwa yalikuwa mengi mpaka mengine yanaoza chini ya miti, na watu walitupa bila kuuliza sisi nani. Nilikula saba. Salum alikula moja, akaweka maganda mfukoni, kwa sababu hapendi kutupa taka katika shamba la mtu. Hilo nalo naliandika.

Mathias tulimkuta zahanati, anamfunga bendeji mwanamke aliyekatwa na jembe. Ni mtu mfupi, mcheshi, mwenye mikono ambayo haitetemeki. Alitukaribisha nyumbani, nyumba ya serikali ya mabati, ambayo mkewe Yustina ameizungushia maua. Yustina alisema maneno machache. Alimtazama Salum jinsi mtu anavyotazama wingu wakati amekwisha kuanika mtama.

Nilingoja jioni ile Salum amwambie. Walizungumza habari za marehemu, za mvua, za dawa zilizochelewa kuja. Waraka haukutajwa.

Arobaini

Kisomo kilikwisha saa tisa ya mchana. Waislamu na Wakatoliki walikaa pamoja, maana huko milimani ukoo mmoja una misikiti na makanisa ndani yake na hakuna anayeona ajabu. Pilau ikapakuliwa. Hapo watani wakaanza kazi yao.

Ninyi mnaijua kazi hiyo. Salum alikaa mlangoni pa jiko akazuia sufuria isitoke mpaka wafiwa walipe kuku. Akavaa kofia ya marehemu, akaiga mwendo wake wa mguu mmoja mfupi, na mjane mwenyewe akacheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijapata kumwona Salum hivyo. Kaptula yake ilikuwa na majivu. Walipokuwa wamechangamka kabisa akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akamnyoshea Mathias kidole.

"Wewe Mmatumbi! Unataka uenyekiti?"

"Nautaka!"

"Basi sikia. Ukishika kadi hii, watakufukuza kazi. Waraka umefika Kivinje, nimeambiwa na aliyeusoma. Hata ninyi wa hazina za wenyeji mmo. Watakunyang'anya nyumba, utatoka na magodoro kichwani. Na mimi ndicho ninachokitaka, maana ukifukuzwa wewe, hawa wote watajiunga na chama kwa uchungu. Nimekuja kukutumia. Sasa sema, unashika au hushiki?"

Watu walianguka kwa kicheko. Mzee mmoja alipaliwa na pilau ikabidi apigwe mgongo. Mngindo mwingine akapaza sauti, "Na zahanati tutaweka mbuzi!" Mathias naye alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. Akainuka akaichukua kadi mkononi mwa Salum, akaibusu, wakapiga makofi.

Mimi sikucheka, kwa kuwa nilijua. Kila neno lilikuwa kweli. Salum ametimiza ahadi yake, amemwambia Mathias yote, hata nia yake mwenyewe, hadharani, mbele ya mashahidi. Na ametumia njia pekee ambayo katika milima ile hakuna anayeweza kuiamini, kwa sababu maneno ya mtani msibani hayabebwi na mtu kurudi nayo nyumbani.

Nilitazama upande wa wanawake. Yustina alikuwa ameshika upawa, hacheki.

Asubuhi ya kuondoka

Nilikuwa natawadha nyuma ya nyumba alipokuja Yustina na kapu la machungwa. Alisubiri nimalize.

"Maalim, hujambo?"

"Sijambo, shemeji. Umeamkaje?"

"Salama." Akaliweka kapu chini. "Maalim, wewe si mtani wetu."

"La, sina utani nanyi. Mimi mtu wa pwani."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Mume wangu nimemwuliza usiku, anasema Wangindo ndivyo walivyo. Nakuuliza wewe uliyesoma. Yale maneno ya jana, ya waraka. Yule bwana alikuwa anatania?"

Ndugu zangu, hapa ndipo nilipokuwa nawajibu nusu nusu.

Nilikuwa na wakati wa kutosha wa kufikiri. Sikushtukizwa. Nilifikiri kwamba nikisema kweli, Mathias atarudisha kadi asubuhi ile ile, na safari yote, mto, mihogo, milima, itakuwa bure, na Lindi watasema Maalim ndiye aliyeiharibu. Nilifikiri pia kuwa si kazi yangu, mimi ni mwandishi tu. Nilifikiri hata kwamba pengine waraka utachelewa. Yote hayo yalipita kichwani kwa mpangilio mzuri kabisa, kama ninavyowafundisha watoto.

Nikasema, "Alikuwa anatania, shemeji. Usijitie wasiwasi."

Uso wake ukafunguka. Kwa mara ya kwanza tangu tufike nilimwona akicheka. Akanishukuru, akanisukumia kapu. "Mtakula njiani," akasema.

Kurudi

Kwenye mteremko nilimshambulia Salum. Nilikuwa na haja ya kumshambulia mtu.

"Ulijua watacheka."

"Nilijua watacheka," alisema. "Kwa Mathias sikuwa na uhakika. Nilikuwa namtazama yeye tu. Kama angenyamaza, ningejua ameelewa, nikairudisha kadi mfukoni."

"Huko ni kumwambia mtu na kumficha kwa wakati mmoja."

"Ndiyo."

Sikutegemea akubali, hasira ikakosa pa kushika. Kwenye kona ya pili akauliza, "Mkewe alikutaka nini kule nyuma?"

Nikamweleza. Alisimama katikati ya njia. Sijapata kumwona amechelewa kufikiri, lakini pale alichelewa.

"Ukamwambia natania?"

"Nilimwambia hivyo."

"Maalim, kwani nilikuchukua wa nini? Waandishi nilikuwa nao wawili Kivinje. Nilimchukua mtu asiye na utani nao, mwenye sifa ya kusema kweli. Nilijua mmoja wao, yeye au mkewe, atakuja kukuuliza faraghani. Nilikuachia wewe."

Mpaka leo sijui kama hilo lilikuwa kweli au alilitunga pale pale ili mzigo uhame. Nimelipindua kila upande. Chande ataliamini, Faraji atacheka, na mimi siwezi kumsaidia yeyote kati yenu.

"Turudi?" Salum akauliza. "Ni nusu saa kupanda."

Chini tuliona vumbi la lori, na dereva alikuwa anapiga honi. Lingine lingekuja baada ya siku nne. Miguu yangu ilikuwa na malengelenge. Nikasema tutamwandikia barua tukifika Kivinje. Salum alinitazama, akangoja kidogo kama mtu anayempa mwenziwe nafasi ya kubadili neno, kisha akashuka. Angeweza kurudi peke yake. Hakurudi. Nikafuata. Machungwa yalikuwa matamu, niliyamaliza kabla ya Matandu.

Barua niliiandika Kivinje, ndefu, yenye aya nzuri. Ilimfikia Mathias siku mbili baada ya waraka.

Mengine mnayajua. Alifukuzwa. Zahanati ilikaa imefungwa, na watu wa milimani wakajiunga na chama kijiji kwa kijiji, kama Salum alivyohesabu. Mathias hana kinyongo. Anasema alicheka mwenyewe na kadi aliishika kwa mkono wake, na sasa anazunguka na Salum kuhutubia. Wanaelewana sana.

Mmetaka hukumu yangu, kama mpanga mikakati ya siasa anaweza kuwa mwanafalsafa wa kweli. Tafuteni mwamuzi mwingine. Niliyekwenda kumpima alisema kweli mbele ya watu mia wakamcheka, na mimi niliulizwa na mtu mmoja, kwa upole, nikasema uongo.

Yustina na watoto wanakaa kwangu, chumba cha uani, tangu walipotolewa katika ile nyumba ya mabati. Kila asubuhi hunisalimu vizuri na huniwekea maji ya kutawadha. Akitaka kujua bei ya samaki, au njia ya hospitali, au kama mvua itanyesha, hutoka barabarani akawauliza wapita njia.